Ardhi ikiwa na vilima, mpaka nao upinde?

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeinyanyua mbingu na kuweka mizani. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, leo naomba mniwie radhi nianze na habari ya uzio. Najua wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunaishi mjini. Lakini najua pia kwamba ni wachache kati yetu wasio na kipande cha ardhi nje ya mji: shamba la urithi, kiwanja kilichonunuliwa kwa kudunduliza, au eneo la kupumzikia uzeeni. Na wengi wetu tumeweka fundi huko, tukimsimamia kwa simu. Mimi ni mmoja wao, na haya ninayoyaandika ni kwanza nasaha kwa nafsi yangu.

Marehemu baba yangu alituachia shamba Kisarawe. Anayeijua Kisarawe anajua kuwa ile si ardhi tambarare. Unapanda kilima, unashuka bonde, unapanda tena. Mpaka wetu na jirani unaanzia kwenye mwembe mkubwa, unashuka bondeni, unapanda kilima kidogo, halafu unateremka mpaka kwenye kijito penye mnyaa wa zamani. Urefu wake ni kama mita 210. Hakuna bikoni wala hati. Baba na jirani yake, ambaye naye ni marehemu, walikubaliana juu ya miti ile miwili, wakaishi kwa salama zaidi ya miaka thelathini.

Sasa jirani yetu ni bibi mjane anayelea wajukuu mayatima.

Mifugo ya watu ilipozidi kuingia shambani, nikaamua kuweka uzio wa nguzo za zege na seng'enge. Nikamkabidhi fundi kazi, nguzo moja kila mita tatu, nikarudi mjini. Siku ya tatu, Jumamosi, nikaenda kuangalia. Nguzo 38 zilikuwa zimesimama, kutoka mwembeni hadi juu ya kilima. Ukisimama katikati yake, ukatazama nyuma na mbele, unaona mstari mzuri kabisa. Nikafurahi.

Bibi alikuwa amekaa chini ya mwembe na mjukuu wake mdogo. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu." Baada ya kujuliana hali akaniambia: "Mwanangu, macho yangu siku hizi hayafiki mbali. Nitazamie wewe. Baba yako na marehemu mume wangu walikuwa wakisimama hapa wanaelekea mnyaa. Hizo nguzo zako zinaelekea wapi?"

Nikapanda kilimani na fundi. Ukiwa mwembeni mnyaa hauonekani, kilima kinauziba. Tulipofika juu ndipo ukaonekana kule chini kijitoni. Wallahi, haukuwa mbele yetu. Ulikuwa pembeni, kushoto, ndani ya upande wetu. Nguzo zetu zilikuwa zikiuacha na kuingia kwa bibi.

Fundi akatazama, akakuna kichwa, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Bosi, mti huu hauna hati. Tukiukata leo, kesho nani atakumbuka ulikuwa wapi?"

Ndugu zangu, nitasema kweli. Sikumjibu. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana. Nikamwambia tutaangalia kesho, nikamuaga bibi bila kumjibu swali lake, nikarudi mjini.

Safu za msikitini

Usiku ule nilisali Isha msikitini kwetu. Imamu akageuka kama kawaida yake, akatuamrisha tunyooshe safu na tuzibe nafasi. Nikavuta mguu wangu mpaka kisigino kikagusa mstari wa zulia. Hapo ndipo moyo uliponisuta. Ninaogopa kisigino changu kisizidi mstari kwa kidole kimoja, na huku nimeacha nguzo 38 zimeingia katika ardhi ya mayatima!

Imam Muslim amepokea kutoka kwa An-Nu'man bin Bashir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akizinyoosha safu za masahaba kana kwamba ananyoosha mishale. Siku moja alipomuona mtu kifua chake kimetokeza, akawaonya kuwa ama wanyooshe safu zao, ama Allah awatie khitilafu baina yao. Tazameni jambo hilo. Kifua kimoja kimetokeza mbele, na onyo likaja kwa umma mzima. Kupinda kwa mmoja hakubaki kwa mmoja.

Sisi wa mjini zulia limetudekeza. Mistari imechorwa kiwandani, kazi yetu ni kuweka miguu tu. Lakini nendeni mkaziangalie safu zetu siku ya Idd uwanjani, kwenye majani na mashimo. Hakuna mstari. Kila mtu anamtazama wa kando yake tu, na wa kando anamtazama wa kando yake, na kila mmoja anaamini amenyooka. Ukitazama kutoka mbali, safu imepinda kama upinde. Na hivyo ndivyo nguzo zangu zilivyopinda.

Nguzo ilipotelea wapi?

Siku ya pili, Jumapili, niliondoka alfajiri na mzee mmoja wa msikitini kwetu, fundi mwashi wa siku nyingi. Alipoona nguzo akauliza swali moja tu: "Nguzo hii uliipangilia na ipi?" Fundi akajibu kuwa kila nguzo aliipangilia na mbili zilizo nyuma yake. Mzee akatikisa kichwa.

Akatueleza hivi. Ukipangilia nguzo na iliyo karibu, kosa la kwanza halisahihishwi, linarithiwa. Nguzo ya tatu ikikosea kidogo, ya nne inalichukua kosa hilo na kuongeza lake. Hata kama kila nguzo ingezidi kwa sentimita mbili tu, upana wa kidole, kuelekea upande uleule, baada ya nguzo 35 umeshaingia kwa jirani sentimita 70. Na kwetu ilizidi hapo, kwa sababu bondeni palikuwa na kichuguu. Fundi alikikwepa kwa nusu hatua, kisha badala ya kurudi akaendelea mbele kutokea palepale.

Tulipopima juu ya kilima tukakuta tumeingia mita mbili. Mita mbili zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini pembe ile iliyoanzia mwembeni ilikuwa tayari imemeza zaidi ya mita 100 za mraba. Tungeendelea hivyohivyo hadi kijitoni, ingefika karibu mita 400 za mraba. Hapa mjini watu wanajenga nyumba ya familia nzima katika eneo kama hilo.

Hili ndilo somo la kwanza. Kitu hakinyooki kwa kufanana na kilicho karibu nacho. Kinanyooka kwa kuelekea alama ya mwanzo na ya mwisho ambazo hazihami. Mara ngapi tunajipima dini yetu kwa wa kando yetu? Huyu naye anakopesha kwa riba. Yule naye hatoi Zaka. Baba zetu nao walifanya hivi. Kila kizazi kinapangilia na nguzo iliyo karibu, na kila mmoja anasema mbona tumenyooka. Ibn Mas'ud (R.A.) amesimulia, kama alivyopokea Imam Ahmad na wengineo, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwachorea mstari mmoja ulionyooka, akawafahamisha kuwa hiyo ndiyo njia ya Allah. Kisha akachora mistari kuliani na kushotoni mwake, akawaambia kuwa juu ya kila moja yupo shetani anayeita. Kisha akasoma aya ya 153 ya Surat Al-An'am, inayoamrisha kuifuata njia hiyo iliyonyooka na kutozifuata njia nyingine. Angalieni kwamba ile mistari mingine haikuanzia mbali. Ilianzia kandoni mwa ule ulionyooka, na kila hatua ikazidi kuachana nao.

Watu wawili juu ya kilima

Basi utanyooshaje mstari ikiwa kilima kimesimama katikati na mwisho hauonekani? Mzee alitufundisha njia ambayo wapima ardhi wanaijua vizuri. Alichomeka fito ndefu moja mwembeni na nyingine kwenye mnyaa. Kisha akaniambia mimi na fundi tupande kilimani, kila mmoja na fito yake, tusimame tukiwa tumeachana hatua kama kumi. Mimi, niliyekuwa upande wa mwembe, nikamtazama fundi na fito ya mnyaa nyuma yake. Nikamuelekeza asogee mpaka fito yake ikaifunika ile ya mnyaa. Halafu ikawa zamu yake. Akanitazama mimi na fito ya mwembe nyuma yangu, akanielekeza nisogee. Nikasogea. Lakini niliposogea mimi, yeye akawa ameharibika, ikabidi nimsogeze tena. Kisha akanisogeza mimi. Kila mara tunasogea kidogo zaidi kuliko mara iliyopita, mpaka ikafika pahala hakuna wa kumsogeza mwenzake. Hapo fito zote nne zikawa katika mstari mmoja, ijapokuwa hakuna hata mmoja wetu aliyeziona zote kwa pamoja.

Ndugu Waislamu, nilisimama pale nikaikumbuka Surat Al-Asr. Tunaisoma tunapoagana, wengi wetu kwa haraka. Allah (S.W.) ameapa kuwa binadamu yumo katika hasara, isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira. Hakusema mmoja awausie wenzake naye akae. Amesema wausiane. Mimi naona mwisho ulio nyuma yako ambao wewe huuoni, na wewe unaona wa nyuma yangu. Nikikataa kusogezwa kwa sababu mimi ndiye mwenye shamba na wewe ni kibarua, mstari umeshapotea. Ndiyo maana katika hadithi aliyoipokea Abu Daud muumini amefananishwa na kioo cha muumini mwenzake.

Na yule bibi, ambaye macho hayafiki mbali, ndiye aliyenisogeza wa kwanza.

Jambo jingine mzee alilotuonesha ni timazi. Fundi alikuwa amezisimamisha nguzo za kwenye mteremko kwa kufuata mteremko, zikawa zimelala. Mzee akaning'iniza jiwe kwenye uzi, akasema nguzo haiulizi ardhi imelalaje, inauliza uzi. Katika Surat Hud aya ya 112 Mtume (S.A.W.) ameamrishwa anyooke kama alivyoamrishwa, yeye na waliotubia pamoja naye. Hakuamrishwa anyooke kadiri hali itakavyoruhusu. Sisi tunapoambiwa juu ya rushwa, juu ya kupunja, juu ya mali za watu, jibu letu ni kuwa nchi yenyewe ndivyo ilivyo. Ardhi ina vilima, kwa hiyo mpaka nao upinde!

Na wale ndugu zetu wanaouza viwanja vya kwenye miteremko walisikie hili. Futikamba ikilazwa juu ya mteremko haitoi kipimo cha haki. Ukipima mita 30 mahali panaponyanyuka kwa mita 6, upana wa kweli wa usawa ni mita 29 na sentimita 39. Mnunuzi amepunjwa zaidi ya nusu mita bila kujua. Wajuzi huivuta futikamba kwa usawa, vipande vipande, wakiteremsha timazi kila kipande. Surat Al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kwa wapunjao, ambao wakipokea hutaka kamili na wakiwapimia watu hupunguza.

Shubiri moja ya ardhi

Dini yetu haikuliacha jambo la mipaka bila ya onyo. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) kwamba miongoni mwa waliolaaniwa na Allah ni mwenye kubadilisha alama za ardhi. Ametajwa pamoja na anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah na anayewalaani wazazi wake. Ndipo nikaelewa fundi alikuwa ananiita wapi aliposema tuukate mnyaa. Wazee wetu wa Pwani walipanda mnyaa mipakani kwa hekima. Kijiti chake kikichomekwa kinashika, mifugo haiuli, na utomvu wake ukiingia machoni unaumiza sana. Wachagga nao hupanda masale. Miti hiyo ni ushahidi, na anayeikata ameua shahidi.

Na katika Bukhari na Muslim imepokelewa kutoka kwa Said bin Zaid (R.A.) kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Sahaba huyu mwenyewe, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alishitakiwa na mwanamke aliyeitwa Arwa mbele ya Mar-wan bin Al-Hakam kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake. Akashangaa: vipi achukue baada ya kuyasikia hayo kwa Mtume (S.A.W.)? Akamwachia ardhi ile, akamshitakia Allah kwamba kama mwanamke yule ni muongo, apofuke na afie katika ardhi yake. Imesimuliwa katika Muslim kuwa alipofuka, na siku moja akitembea katika ardhi hiyo akatumbukia shimoni akafa.

Lipo pia la mayatima. Surat An-Nisaa aya ya 10 inatufahamisha kuwa wanaokula mali za mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Na mkumbuke kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat Al-Kahf. Yule mja mwema aliyefuatana naye aliukuta ukuta umeinama unataka kuanguka, katika mji ambao watu wake wamewanyima chakula. Akaunyoosha bila ujira. Baadaye akabainisha kuwa ulikuwa wa mayatima wawili, chini yake kuna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Yeye hakuwa na deni kwao wala kwa watu wa mji ule. Je, mimi niliyeupinda mwenyewe?

Mahakama haihalalishi

Huenda mtu akasema: bibi angeshitaki, sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba na watatu kati yao wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha. Ni jambo jema, na mwenye mgogoro alitumie. Lakini bibi asiye na nauli wala msemaji, mbele ya mtu wa mjini mwenye karatasi na maneno mazuri, atashinda vipi? Mtume (S.A.W.) ametahadharisha, katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), kuwa yeye ni binadamu anayehukumu kwa anayoyasikia. Yumkini mmoja akawa mjuzi zaidi wa kujenga hoja kuliko mwenzake. Basi atakayepewa haki ya ndugu yake, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi ya haramu, hati ya kupikwa itahalalisha?

Tulizing'oa nguzo 37. Ile ya mwembeni tu ndiyo iliyobaki. Kuvunja zege kwa mitarimbo kulichukua siku moja na nusu, na nguzo sita zilikatika. Fundi nilimlipa siku zake zote, za kujenga na za kubomoa, maana aliyekaa mjini ni mimi, na aliyenyamaza kilimani ni mimi. Nilikwenda kumuomba bibi radhi. Hakusema mengi. Alimtuma mjukuu wake akapande juu ya kilima, kisha akamuuliza kwa sauti, "Unauona mnyaa?" Mtoto akajibu, "Nauona, bibi. Uko mbele ya nguzo."

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye shamba au kiwanja aende mwenyewe akatembee mpaka wake, na majirani wakiwepo. Asipeleke simu.

Pili, tuandike leo yale ambayo wazee waliyaweka vichwani. Surat Al-Baqara aya ya 282 imeamrisha deni liandikwe na washuhudie mashahidi. Ikiwa deni la muda linaandikwa, mpaka wa vizazi ndio uachwe kwenye kumbukumbu ya mzee mmoja? Na hili ni zaidi kwa ardhi zetu za wakfu, makaburi na viwanja vya madrasa, ambavyo humegwa shubiri kwa shubiri kwa sababu hakuna anayejua alama zilikuwa wapi.

Tatu, hapa mjini, tutazame kuta zetu. Ni uchochoro upi uliokuwa unapitisha jeneza, na leo haupitishi kwa sababu kila mmoja amesogeza ukuta wake nusu hatua? Aliyesogeza na anajua, arudishe wakati mtarimbo bado unafaa. Siku hiyo nyingine hakuna mtarimbo.

Mara kumi na saba kwa siku, katika rakaa za faradhi, tunamuomba Allah atuongoze njia iliyonyooka. Tunamuomba atunyooshee, basi tusipinde kwa mikono yetu.

Ewe Mola wetu, tunyooshe pale ardhi inapotuyumbisha, utujaalie ndugu wa kutusahihisha na mioyo ya kukubali kusahihishwa, uwahifadhi mayatima na wajane wetu, wala usitukutanishe nawe tukiwa na shubiri ya mtu shingoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.